Kiyoyozi hakileti baridi, huondoa fukuto

Kila mwaka katika miezi ya kaskazi, baina ya Desemba na Machi, wakazi wengi wa Mombasa hulalamika kwamba viyoyozi vyao "havileti baridi". Aghalabu malalamiko hayo huishia mahali pawili: ama gesi huongezwa, ama hununuliwa kiyoyozi kikubwa zaidi. Mimi ni mwanaisimu wala si fundi wa mitambo. Hata hivyo, nathubutu kudai kuwa sehemu kubwa ya gharama hizo hutokana na maneno tunayoyatumia kuueleza mtambo huu.

Hebu tuanze na hilo neno baridi. Kwa hakika kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje. Gesi maalumu huzunguka katika mabomba ya shaba. Ikiwa ndani ya chumba, hufyonza joto. Kisha kompresa huishindilia na kuisukuma hadi kwenye sehemu ya nje ya mtambo, ambako joto hilo huachiliwa. Wakati huohuo, hewa yenye unyevu inapogusa mabomba ya ndani yaliyopoa, unyevu hugeuka matone, mithili ya gilasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho, na matone hayo hutiririka nje kwa mpira. Kazi, basi, ni mbili: kuhamisha joto na kukamua unyevu. Waama, Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kwanza mwaka wa 1902, alikusudia kuuondoa unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani.

Kiswahili kina neno linaloafiki jambo hili barabara. Joto la Lodwar ni kavu, na jasho hukauka upesi mwilini. La Mombasa ni fukuto: hewa imejaa unyevu, na jasho hugoma kukauka. Mtu anayetafuta baridi hununua kiyoyozi kikubwa kupita kadiri ya chumba chake. Mtambo huo hushusha halijoto kwa haraka, ukazima kabla ya kuukamua unyevu wa kutosha. Chumba hubaki baridi lakini chepechepe, kuvu ikaota ukutani na katika nguo kabatini. Anayetaka kuondoa fukuto huuliza kwanza ukubwa wa chumba, idadi ya madirisha, na upande jua linakopigia.

Neno la pili ni kitenzi kwisha. Fundi mmoja aliyekuja nyumbani kwangu alitamka bila kusita, "Gesi imekwisha." Nilimwuliza ilikokwenda, naye hakuwa na jibu. Gari hula petroli, lakini kiyoyozi hakili gesi. Gesi hiyo huzunguka katika mabomba yaliyozibwa, na haitakiwi kupungua hata baada ya miaka mingi. Ikipungua, imevuja. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ni tofauti ya fedha: kilichokwisha huongezwa, ilhali kinachovuja huzibwa kwanza. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta huo hujengwa kila msimu.

Uvujaji huo haumhusu mwenye nyumba peke yake. Gesi ya R-22, iliyomo katika viyoyozi vingi vikuukuu, huharibu tabaka la ozoni, na inaondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R-410A haiharibu ozoni, lakini uwezo wake wa kuipasha dunia joto ni takriban mara 2,000 ya hewa ya ukaa. Uwezo wa R-32 ni kama thuluthi ya huo, ingawa gesi hiyo yaweza kushika moto na yahitaji fundi aliyefunzwa kuishughulikia. Kamwe usikubali mtambo uliotengenezewa gesi moja utiwe nyingine ovyo.

Matunzo ya kawaida si magumu. Zima umeme, toa chujio, lioshe kwa maji na ulikaushe kivulini, angalau mara moja kwa mwezi wakati wa matumizi makubwa. Chujio lililoziba huinyima mashine hewa, ikafanya kazi nyingi kwa faida haba. Hakikisha mpira wa maji haujaziba, la sivyo matone yatadondokea ndani. Kwa wakaao karibu na bahari, kama vile Nyali au Likoni, chumvi hula mapezi ya sehemu ya nje. Yafaa ioshwe mara kwa mara kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, bila ya kutumia nguvu nyingi. Vifaa vya umeme vya ndani mwachie fundi, kwani kapasita yaweza kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Na anayetaka kuboresha? Naaminia aanze na nyumba. Paa la mabati lisilo na dari, madirisha ya vioo vya kupanga yasiyofungika sawasawa, na ukuta wa magharibi usio na kivuli humlazimisha mtu kulipia joto ambalo lingezuiwa mlangoni. Wajenzi wa Mji wa Kale walilijua hilo. Kuta zao nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyao vyembamba vyenye kivuli vingali ushahidi. Baada ya hapo, kama mtambo umechakaa, ni bora kuchagua ule ambao kompresa yake hupunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima kila mara, na kulinganisha nyota katika lebo ya matumizi ya nishati. Kisha uwekwe kwenye nyuzi 25 au 26, huku feni ikisaidia kuzungusha hewa.

Walimu wa fizikia na wa Kiswahili wanaweza kulifundisha somo hili kwa pamoja, kwa kuwa wanafunzi wao ndio watakaokuwa wenye nyumba na mafundi wa kesho. Kwa sasa, msomaji akiambiwa kwamba gesi imekwisha, asitoe pesa kabla ya kuonyeshwa inapovujia.