Januari ya ukoo: kikao cha kihambani na hesabu za mjini

Katika takwimu za taifa, familia huhesabiwa kwa kaya, yaani kundi la watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, na Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Kipimo hicho kinafaa kwa kupanga zahanati na visima, lakini hakielezi vizuri jinsi Watanzania wengi wanavyouanza mwaka, kwa sababu mzigo wa Januari haubebwi na kaya bali na ukoo, na ukoo huo mara nyingi umetawanyika kati ya kijiji na mji. Mfano ulio wazi ni wa familia za Kichaga zenye asili katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro na watoto wao wakubwa Dar es Salaam, ingawa mengi yanayoelezwa hapa yatatambuliwa pia na Mhaya wa Bukoba au Mpare wa Same.

Kwa familia hizo mwaka huanza kupangwa kabla ya tarehe 1 Januari, katika wiki ya Krismasi, pale mabasi ya kwenda Moshi na treni ya abiria, ambayo ilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, yanapowarudisha wana wa ukoo kihambani. Kihamba ni shamba la urithi lenye migomba, kahawa na miti ya matunda, ambamo ndani yake mna nyumba ya wazazi na mara nyingi makaburi ya waliotangulia. Huko huchinjwa mbuzi, hunywewa mbege, ambayo ni pombe ya ndizi na ulezi, na watoto waliozaliwa mjini huoneshwa babu yao yupi amezikwa wapi. Baada ya sikukuu, na kabla wageni hawajaanza kuondoka, huitishwa kikao cha ukoo. Mambo ya kwanza huwa ya kawaida, kama vile mpaka uliosogezwa, matibabu ya bibi, au ndugu wawili wasiosemeshana ambao mmoja wao hutakiwa kupeleka jani la sale, mmea ambao kwa Wachaga ni ishara ya kuomba msamaha na ambao ni vigumu kwa aliyepelekewa kuukataa. Jambo linalochukua muda mrefu zaidi ni la watoto: nani anaingia kidato cha kwanza, nani atamlipia, na nani ataishi kwa nani.

Ugumu wa jambo hili umo katika kalenda yenyewe. Darasa la kwanza na kidato cha kwanza huanza Januari, ilhali waliomaliza darasa la saba wamekuwa nyumbani tangu Septemba na waliomaliza kidato cha nne tangu Novemba, hawa wa mwisho wakisubiri matokeo na kidato cha tano ambacho kwa kawaida huanza Julai. Ni kweli kwamba Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kwamba tangu mwaka wa fedha 2022/23 kidato cha tano na cha sita navyo havina ada. Lakini ada iliyofutwa katika sekondari za serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa na 70,000 kwa bweni, na kila mzazi anajua kwamba fedha nyingi huishia kwingine. Fomu ya kujiunga, ambayo ni orodha ya mahitaji anayopewa mwanafunzi anapochaguliwa, hutaja sare, viatu, godoro, shuka, ndoo, tranka la bati, jembe au fyekeo, na rimu ya karatasi, na mtoto wa bweni huongezewa nauli na fedha ya matumizi. Waliowapeleka watoto shule binafsi hulipa ada ya muhula wa kwanza wiki hizohizo, na mwenye nyumba mjini, ambaye hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima, hachagui mwezi mwingine kwa kumhurumia mpangaji.

Zamani fedha hizi zilitoka kihambani kwenda shuleni. Wakulima wa Kilimanjaro walianza kujiunga katika chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaundwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichouza kahawa yao, hivyo malipo ya kahawa yakasomesha vizazi viwili au vitatu vya walimu, matabibu na makarani. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya mauzo ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na baadhi ya wakulima wakaiacha mibuni izeeke au wakaing'oa. Tangu hapo mkondo umegeuka: mshahara wa mjini ndio unaotunza kihamba, na kihamba hurudisha shukrani kwa mikungu ya ndizi, maharage, magimbi na maparachichi yanayopakiwa katika buti la basi. Chakula hicho si zawadi tu, kwa kuwa katika nyumba yenye watu kumi hupunguza kwa wiki kadhaa safari za sokoni.

Na nyumba ya Dar es Salaam hufika watu kumi kwa urahisi mwezi Januari. Wenyeji na watoto wao huongezewa mtoto wa kaka anayesoma shule ya kutwa ya jirani, binti wa dada aliyemaliza kidato cha nne na sasa anasoma kompyuta huku akisubiri matokeo, na bibi aliyeshuka mjini kwa ajili ya kliniki. Wakati huohuo dada wa kazi aliyekwenda kwao Krismasi hujulikana mara nyingi kuwa harudi, jambo lisilopaswa kumshangaza mtu yeyote, kwani mwezi huo ndio kazi inapokuwa nyingi kuliko mshahara wake. Mama wa nyumba huamka saa kumi alfajiri, huchemsha chai, hupasha viporo au kukaanga maandazi, hupanga zamu ya bafu, na ifikapo saa kumi na mbili watoto wako kituoni wakigombania daladala, ambako konda huwasukuma pembeni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Anapotoka kazini jioni humkuta mgeni mwingine sebuleni.

Fedha zenyewe hupita katika njia kadhaa. Kina mama hutegemea upatu, ambao ni mchezo wa kuchanga na kupokea kwa zamu, na vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa. Wengi hupanga zamu yao iangukie Januari. Michango ya ukoo hutumwa kwa simu, huduma iliyoingia nchini mwaka 2008, kisha mtunza hazina huorodhesha majina ya waliotuma katika kundi la WhatsApp la familia. Orodha hiyo ina nguvu kuliko amri ya mzee yeyote, kwa maana asiyetajwa huonwa na wote, hata kama ameachishwa kazi Novemba na hajamwambia mtu.

Hapo ndipo panapoonekana upungufu wa mpango mzima. Msaada wa ukoo umefanya kazi ya bima mahali ambapo bima haikuwepo, na familia nyingi zilizosoma zilisomeshwa hivyo. Lakini kumbukumbu zake huandika shilingi na kuacha jasho. Anayelipa ada ya mpwa hutajwa kikaoni na kupigiwa makofi, ilhali mke wa kaka anayempikia, kumfulia na kumuuguza mtoto huyohuyo kwa miaka minne hatajwi, na mara nyingi hakuulizwa kabla mtoto hajaletwa. Vikao vya Desemba vinapaswa kumwita mwanamke huyo akae mezani, vimsikilize anaposema kwamba chumba hakitoshi, na viandike katika muhtasari mshahara wa dada wa kazi na kiasi ambacho ukoo utachangia katika kumlipa, kabla ya kugawa mtoto hata mmoja.