Kamba, Mchanga na Birika la Pembe Nane

Wajukuu zangu, sogeeni. Mkivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, mtaona juu ya jabali magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, lakini mimi moyo wangu uko kwenye birika lake. Lina pembe nane.

Pembe nne ni rahisi, kila fundi wa nyumba anazijua. Nane zinazolingana utazipataje kwa matumbawe na chokaa?

Njia mojawapo ya kale ni hii. Ijaribuni ufukweni maji yakipwa. Chora mraba mchangani. Vuta kamba mbili kutoka pembe hadi pembe. Zinapokatana ndipo katikati. Sasa chomeka kijiti kwenye pembe moja, pima kamba kutoka hapo hadi katikati, halafu izungushe mpaka iguse mistari miwili ya mraba inayoanzia kwenye kijiti. Kila inapogusa, weka kauri. Fanya hivyo pembe zote nne, utakuwa na kauri nane. Ziunganishe kwa kuzikata pembe za mraba. Tazama! Pande nane, zote sawasawa, na hukutaja namba hata moja.

Hiyo ndiyo jiometri. Jina lenyewe ni la Kigiriki: *ge* ni ardhi, *metron* ni kipimo. Wagiriki walisimulia kwamba elimu hii ilianzia Misri, ambako mafuriko ya Mto Naili yalifuta mipaka ya mashamba, ikabidi wapimaji wairudishe kwa kamba. Baadaye, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid wa Alexandria akaipanga vitabuni, akionyesha kwa hoja kwa nini kila jambo ni kweli. Waarabu wakaiita *handasa*, neno lenye asili ya Kiajemi, maana yake kipimo. Nasi tunalo mdomoni kila siku: mhandisi.

Kwa hiyo kamba ilitangulia kitabu. Mkifika Husuni Kubwa, lizungukeni birika polepole, hesabuni pembe zake kwa miguu yenu. Jiwe lake msiling'oe hata moja. Magofu hayo ni Urithi wa Dunia tangu 1981.