Kahawa ya Kituruki: Kwa Nini Sukari Hutangulia

Kahawa ya Kituruki haichujwi. Husagwa laini mno, na mashapo yake hubaki chini ya finjani. Kwa hiyo mgeni huulizwa kabla ya kupikiwa: sade (bila sukari), orta (wastani) au şekerli (tamu)? Sukari ikikorogwa mezani, mashapo huibuka na kinywaji huharibika.

Nyumbani tunapima finjani moja ya maji baridi kwa kila mnywaji, tunatia vijiko viwili vya chai vya kahawa pamoja na sukari, kisha tunakoroga. Tunabandika cezve, yaani kibirika chenye mpini mrefu, kwenye moto mdogo. Povu likipanda tunaligawa katika finjani, tunarudisha kibirika motoni kidogo, tunamimina iliyobaki na kusubiri mashapo yatulie.

UNESCO iliutambua utamaduni huu mwaka 2013. Sisi walimu na wanafunzi wa lugha tunalo fungu letu pia: kahve na kahawa, fincan na finjani, yote yamepitia Kiarabu. Na tunapofundisha maelezo ya upishi, tuangalie mpangilio wa vitenzi: anayeandika “koroga” baada ya “mimina” amemharibia mgeni kahawa.