Hema la juu ya gari na kayaki pia: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuvuka Busia au Malaba

Anayetoka Kenya kwa gari kwenda kupiga kasia katika maporomoko ya Mto Nile huko Jinja, au kuendesha baiskeli katika miteremko ya Mlima Elgon karibu na Sipi, huingia Uganda aghalabu kwa njia mbili: Busia, au Malaba, ambako ng'ambo ya pili ni wilaya ya Tororo. Baadhi ya wasafiri hao huenda na malazi yao juu ya paa: hema linalofungwa kwenye keria mchana, na kufunguliwa jioni kwa ngazi. Ni starehe, na huokoa gharama za hoteli. Tatizo huanza pale paa hilo hilo linapotakiwa kubeba pia kayaki au baiskeli.

Kabla ya kuulizia bei ya hema, fungua kitabu cha maelekezo cha gari lako na utafute uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likiwa mwendoni. Kwa magari mengi madogo, kiwango hicho huwa kati ya kilo 50 na 100, na uzito wa keria yenyewe umo ndani yake. Tuchukue mfano wa gari lenye kikomo cha kilo 75. Keria ya kilo 15 ikifungwa, zinabaki 60. Hema jepesi la watu wawili huwa na kilo 50 hivi. Zimebaki kilo 10, ilhali kayaki ya plastiki ya kuchezea kwenye mawimbi hufikia kilo 20 au zaidi. Hesabu imekwisha kugoma, na bado hatujafunga hata kasia moja.

Wengi hushangaa: ikiwa paa haliwezi kubeba kilo 75 na ushei, watu wawili wazima watalalaje juu yake? Jibu limo katika mwendo. Gari likisimama, uzito hukandamiza chini tu, na paa huweza kustahimili mara kadhaa ya kiwango cha safarini. Likiwa barabarani, kila breki, kila kona na kila tuta huvuta mzigo mbele na pembeni, na vifungo vya keria ndivyo vinavyobeba nguvu hiyo. Zaidi ya hayo, mzigo wa juu hulifanya gari liyumbe kwa urahisi linapokwepa shimo au linapopishana na lori, na njia ya Malaba ina malori kwelikweli. Magari ya zamani yenye mfereji wa mvua pembeni mwa paa, kama baadhi ya Land Cruiser, hustahimili zaidi kwa sababu keria hushika mahali pengi. Hata hivyo, soma kitabu cha gari hilo, usitegemee umbo lake.

Mahema haya ni ya namna mbili kuu. Lile la turubai hukunjwa katikati na kufunguka upande mmoja kama kitabu. Likifungwa huchukua nusu ya paa hivi, na kwenye gari refu huacha nafasi ya kayaki moja, au ya baiskeli iliyotolewa magurudumu. La ganda gumu hufunguka haraka zaidi, lakini hufunika karibu paa zima. Baadhi yake yana reli juu ya ganda za kufungia mzigo. Zinavutia dukani, lakini kumbuka mambo mawili: mzigo huo pia huhesabiwa katika kikomo cha paa, na ni lazima uushushe kila jioni, kwa kuwa fito za gesi zinazoinua kifuniko hazikuundwa kuinua baiskeli.

Mwenye baiskeli ana njia rahisi kuliko mwenye kayaki. Baiskeli hukaa vizuri nyuma ya gari, kwenye fremu inayofungwa katika ndoano ya kuvutia trela, ilimradi namba ya gari na taa zisizibwe. Kayaki haikai nyuma. Kwa maoni yangu, anayesafiri na kayaki mbili kwa gari dogo aachane kabisa na hema la juu, anunue hema zuri la ardhini lenye kilo chache, na paa aliachie kayaki. Huko Jinja, vilevile, si lazima kwenda na chombo chako, kwani zipo kampuni zinazokodisha. Ulizia pia mahali penyewe pa kuchezea, maana mabwawa ya Bujagali na Isimba yamemeza baadhi ya maporomoko yaliyokuwa maarufu.

Mpaka huu wenyewe una historia ndefu ya kubeba mizigo. Jina bodaboda linahusishwa na waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na bidhaa kutoka boda hadi boda hapa Busia na Malaba. Magunia waliyafunga nyuma, chini kadiri ilivyowezekana. Kanuni hiyo haijabadilika: vizito, kama maji, mtungi wa gesi na vifaa vya gari, viwe ndani na chini, paani viende vyepesi.

Tangu mwaka 2018, kituo cha Busia kilipozinduliwa rasmi kuwa kituo kimoja cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili humhudumia msafiri mahali pamoja, katika nchi anayoingia. Beba kadi ya gari, bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, na orodha ya vifaa vyako vya michezo ili ieleweke kuwa ni vya matumizi binafsi. Funga mzigo kwa namna ambayo unaweza kufunguliwa ukikaguliwa.

Likabaki suala la radi, na hapa Tororo ina sifa ya pekee. Kati ya mwaka 1967 na 1976, mji huo ulirekodi wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Unyevu wa Ziwa Victoria, joto la mchana na milima ya karibu hulisha mawingu hayo. Gari la bati lililofungwa milango na madirisha humkinga aliye ndani, kwa sababu umeme hupita kwenye bodi na kuingia ardhini. Hema lililo juu ya paa liko nje ya kinga hiyo, na ngazi yake ni ya chuma. Kwa hiyo usiegeshe chini ya mti mrefu wala juu ya kilima, hata kama mandhari ya Mwamba wa Tororo yanakuvuta. Acha viti vya gari bila mizigo usiku. Ukisikia ngurumo ya kwanza, shuka uingie garini, na usipande tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.