Sumaku nyembamba si sumaku ya kiwango cha chini

Majuma mawili yaliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi hufundisha Fizikia alinitumia kurasa saba alizotafsiri kuhusu sumaku za molekuli na za tabaka moja. Alitaka niuhakiki Usanifu wake. Katika aya ya kwanza tu nikakutana na "nyenzo za kiwango cha chini". Nikadhani anazungumzia bidhaa duni, zile nyaya za bei ya kutupa zinazounguza nyumba za watu. Nilipompigia simu alicheka. "La hasha, Mwalimu, si ubovu. Nilimaanisha kitu chenye urefu na upana lakini hakina kina."

Basi hebu tuanzie hapo. Ndani ya kipande cha chuma, kila atomu ni kijisumaku. Vijisumaku hivyo vikielekea upande mmoja, chuma huvuta misumari. Joto ndilo adui wa mpangilio huo. Chuma kikipashwa hadi kupita nyuzi 770 za Selsiasi, kila kijisumaku hushika njia yake na mvuto hupotea. Chuma ni tofali: kina urefu, upana na kina. Je, tukiwa na uzi wa atomu badala ya tofali? Au mkeka wa atomu?

Mwaka 1925, Mjerumani Ernst Ising, aliyepewa swali hilo na mwalimu wake Wilhelm Lenz, alionyesha kwamba uzi hauwezi kudumu kuwa sumaku palipo na joto lolote. Sababu yake haihitaji hesabu. Wapange wanafunzi katika mstari mmoja, kila mmoja amwigize aliye mbele yake. Mmoja akigeuka kinyume, wote walio nyuma humfuata na hakuna wa kuwarudisha. Ising akadhani hata tofali litakuwa hivyo. Hapo aliteleza. Katika mkeka, kila ukindu umeshikwa kutoka pande kadhaa. Mmoja ukipinda, jirani zake huunyoosha. Mwaka 1944 Lars Onsager alithibitisha kihesabu kwamba mkeka huweza kuwa sumaku, ila vijisumaku viwe na mhimili vinaoupendelea, juu au chini. Vikiwa huru kabisa kuelekea kokote, joto dogo tu huvuruga mkeka mzima. Hilo lilithibitishwa na Mermin na Wagner mwaka 1966.

Mkeka wenyewe ulichelewa. Ni mwaka 2017 ambapo watafiti nchini Marekani walibandua tabaka moja tu la mchanganyiko wa kromiamu na iodini, wakakuta kwamba linabaki sumaku mradi baridi ishuke chini ya nyuzi 228 chini ya sifuri. Kilichonishangaza ni hiki: tabaka moja ni sumaku, matabaka mawili yakilaliana, moja huelekea juu na jingine chini, yakafutana. Ongeza la tatu, usumaku unarudi!

Kwa upande wa molekuli, kisa kinaanzia Poland mwaka 1980, Tadeusz Lis alipotengeneza molekuli yenye atomu 12 za manganizi. Mwaka 1993 Roberta Sessoli, Dante Gatteschi na wenzao wa Italia wakatangaza kwamba molekuli hiyo moja ni sumaku kamili. Atomu nane huvuta huku na nne huvuta kule, kama mchezo wa kuvuta kamba, na nane hushinda. Ikipozwa hadi karibu nyuzi 271 chini ya sifuri, hukumbuka mwelekeo wake kwa miezi. Kufikia 2018, molekuli nyingine yenye disprosiamu iliweza kukumbuka, japo kwa muda mfupi, katika joto lililopita kidogo lile la naitrojeni inapochemka, nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni ya majimaji si ghali, ndiyo maana watu walishangilia. Ndoto yao ni kuhifadhi chembe moja ya taarifa katika molekuli moja.

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka mingi iliyopita, katika orodha fulani ya istilahi za shule, nilipitisha neno "mzunguko" kwa ile sifa ya elektroni inayozaa usumaku huu wote. Nililisifu hata, eti ni la kwetu. Kurasa za mwanafunzi wangu zimenisuta. Elektroni haizunguki kama pia. Ingekuwa kijitufe kinachozunguka, ngozi yake ingelazimika kwenda kasi kuliko mwanga, jambo lisilowezekana. Isitoshe, tunasema elektroni huzunguka kiini cha atomu. Msomaji atajuaje ni mzunguko upi? Afadhali "spini". Najua wenzangu wa usafi wa lugha watanijia juu, lakini anayekutana na "spini" atauliza ni nini, ilhali anayekutana na "mzunguko" atajiona ameshaelewa, na hatauliza.

Kuhusu "kiwango cha chini" nilipendekeza "nyenzo za uzi" na "nyenzo za mkeka". Alisita, akisema watahini watacheka. Tukakubaliana "nyenzo za tabaka" kwa mkeka. Uzi ukabaki uzi.

Neno moja bado linatugombanisha. Nyenzo ambazo vijisumaku vyake huelekeana kinyume na kufutana, kama yale matabaka mawili, yeye anaziita "sumaku pinzani". Mimi nasema jina hilo litamfanya mtoto adhani zinasukuma sumaku nyingine, kumbe ugomvi umo ndani ya nyumba yao wenyewe. Nimempa "sumaku fitini". Hajanijibu.