Mubirizi kwa minyoo ya mbuzi: tupime kwanza

Kuko swali moja linalorudi katika kila mkutano: "Agronomu, tuko na mubirizi nyuma ya nyumba. Juu ya nini tununue dawa ya minyoo?" Swali ni zuri. Mbuzi mmoja ni minervale ya mtoto. Akikufa, mtoto anafukuzwa shuleni.

Adui mkubwa ni mnyoo unaonyonya damu ndani ya tumbo la mbuzi. Jike mmoja anataga mayai 5.000 hadi 10.000 kwa siku. Mayai yanatoka na mavi, vijidudu vinapanda kwenye majani, mbuzi wengine wanavikula. Ndani ya kope kunakuwa kweupe, chini ya taya kunavimba, na mnyama anakufa.

Mubirizi unaweza kusaidia? Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale huko Tanzania, mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa porini pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Watongwe. Waliona sokomutu mgonjwa anavua ganda la kitawi cha mubirizi na kutafuna kiini chake kichungu. Kesho yake alikuwa amepata nguvu. Baadaye, kwa sokomutu mwingine, mayai ya minyoo yalihesabiwa: 130 katika gramu moja ya mavi. Kisha saa 20 kupita, yalibaki 15.

Lakini angalieni: sokomutu anaacha majani na ganda, anachukua kiini tu. Wanakemia walikuta majani yana vernodalini nyingi, na hiyo ilikuwa sumu kali kwa panya wa maabara. Mbuzi kuchuma majani machache njiani, hiyo si shida. Kumnywesha chupa nzima ya maji mazito ya majani, hiyo ni hatari.

Tena, mbuzi mmoja kupona haitoshi. Wakati wa kiangazi minyoo inapungua yenyewe. Kwa hiyo koperative ikitaka kujaribu, ifanye hivi pamoja na veterineri:

– Chagueni mbuzi wa umri mmoja, wanaokula pahali pamoja. Wasiwe na mimba, wasiwe wagonjwa sana.
– Wagawanyeni makundi mawili kwa kura. Kundi moja linapata mubirizi, lingine hapana.
– Andikeni katika kaye: sehemu ya mti, uzito wake, maji kiasi gani, siku gani.
– Pelekeni mavi ya kila mbuzi kwenye maabara mbele ya kuanza, na tena kisha siku 10 hadi 14.

Mayai yakipungua sawasawa katika makundi yote mawili, mubirizi haukufanya kitu.

Na mbuzi mwenye kope nyeupe asingoje majaribio. Apewe dawa ya veterineri siku ile ile, kwa kipimo cha uzito wake.