Bundi juu ya paa: tumwache alee watoto wake

Mahindi yakishavunwa na kuingia nyumbani, mwezi wa nne na wa tano, panya nao wanahamia. Ni wakati huo huo wandugu wengi wa Kolwezi, Mutshatsha na Lubudi wanasikia kitu kinakoroma usiku juu ya paa. Watu wanasema: "Ile ni bulozi." Kesho yake vijana wanapanda na fimbo.

Wandugu wanachama, mbele ya kupanda, tujue kwanza nani anakaa pale.

Bundi mwenye uso mweupe, wenye umbo la moyo, hajengi kiota. Jike anatafuta pahali pa giza: kwenye dari, ghala ya zamani au tundu la mti. Anataga mayai, mara nyingi 4 mpaka 7, moja moja kila siku mbili au tatu. Anaanza kulalia lile la kwanza bila kungojea mengine, ndiyo maana watoto hawalingani ukubwa. Yai linaanguliwa baada ya siku 30 hivi. Siku zile zote ni dume anayewinda na kumletea mama chakula. Ule mkoromo wa usiku ni watoto wanaolia njaa, basi.

Na chakula chao ni panya zaidi ya kitu kingine. Bundi anammeza mzima, kisha anatapika donge la manyoya na mifupa. Okoteni donge moja chini ya paa, mulivunje na kijiti: mutaona mafuvu ya panya. Punje ya mahindi hamutaikuta.

Watoto wanaruka wakiwa na miezi miwili hivi. Dume akiuawa mbele ya hapo, watoto wanaweza kufa njaa, na panya wanabaki na ghala yenu.

Tuangalie pia dawa ya panya. Panya aliyekula sumu anaweza kutembea siku kadhaa akiwa mlegevu. Bundi anamkamata kwa urahisi, naye anakufa. Mitego ni bora, na ghala iwe juu ya miguu iliyovikwa bati.

Kama hamupendi akae juu ya vichwa vyenu, ngojeni watoto waruke, ndipo muzibe tundu. Kisha tundikeni sanduku la mbao kwenye mti mrefu karibu na shamba, lenye mlango wa sentimita 15 hivi. Akilikubali, atawinda kwa ajili yenu bila mshahara.